Kisima Kisichotekwa Maji

Kiko Kileleshwa, nyuma ya stoo ya shule,
baina ya tangi bovu na ua wa miiba:
bomba la chuma linalonifika magotini,
kifuniko, kufuli, namba ya rangi nyeupe
ambayo mvua imeila nusu.
Hakuna ndoo hapa, wala kamba, wala foleni.
Watoto huniuliza, "Mbona huteki?"
Hiki, nawaambia, huulizwa tu.

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya saa nne,
nalibembeleza kufuli kwa tone la mafuta,
nateremsha utepe mita baada ya mita.
Sabini. Themanini. Kimya.
Tisini, na mkono hausikii ila uzito.
Kisha kule gizani ncha inagusa maji
na kidude cha mkononi kinalia: tiii.
Napandisha kidogo, nashusha tena, nahakikisha,
naandika: tisini na nane, nukta nne moja.
Wiki iliyopita, nukta tatu sita.
Sentimita tano zimekwenda,
upana wa vidole vitatu.
Nani ataitisha mkutano kwa vidole vitatu?

Cha mvunguni, walisema, sharti uiname.
Nimeinama miaka sita, muulizeni mgongo.
Hawakusema kwamba mvungu nao hushuka.

Pande zote ghorofa zinapanda,
kumi na mbili, kumi na sita,
kila moja na kisima chake chini ya maegesho,
na pampu inayofyonza usiku kucha
kama mtu aliyepewa mfupa wenye uboho.
Siwalaumu. Nami Kangemi nanunua mtungi,
na Kasyoka, anayeniuzia, huapa ni ya mfereji.
Naonja. Yana ladha ya jiwe.
Nanyamaza, nalipa, nachemsha chai.

Kabla yangu alipima Bwana Wafukho.
Aliniachia daftari lenye gamba la buluu
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli,
miaka ishirini na mmoja ya penseli.
Humo nilijifunza habari za Desemba:
jiji likienda mashambani, pampu zikilala,
maji hupanda.
Nusu mita, mwaka mwingine zaidi,
kama mwenye nyumba anayejinyoosha
wageni wakishaondoka.
Januari, na karo, na mabegi ya shule,
hushuka tena.

Ila mwaka mmoja Desemba haikupanda.
Tangu Julai hadi Machi
namba zinateremka kwa adabu,
sentimita mbili, mbili, mbili,
na penseli ni ile ile, haijachongwa katikati,
mkono haukuinuka.
Hakuja. Aliketi mahali akaziandika zote.

Nilimpigia simu, yuko Kimilili siku hizi.
Alinyamaza mpaka nikasikia kuku wake.
"Huo ni mwaka wa Namarome," alisema.
"Dawa zake zilikuwa za Jumatatu.
Nilikuwa nazijaza pale kwenye benchi, nje ya wodi."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Utazifuta?"

Ofisini wanataka grafu, mstari mmoja usiokatika.
Nimechora nukta zikafika Juni, zikaruka,
zikatua Aprili.
Mkubwa wangu aliweka kidole penye weupe ule.
"Hapa kuna nini?"
"Hapakupimwa."
"Kwa nini?"
Nikajifanya natafuta rula.

Leo ni tarehe ishirini na nane, Desemba.
Shule tupu, mlinzi Lekishon kalala na redio yake,
ghorofa zote zimefumba mapazia.
Nateremsha utepe polepole kuliko desturi.
Tisini. Tisini na tano.
Kidude kimelia kabla sijakitarajia:
tisini na saba, nukta tisa nne.

Naandika, nafunga kufuli,
halafu, sijui kwa nini,
nakifungua tena
na kubaki nimeinama pale
muda ambao hautaingia daftarini.